Mhudumu wa mezani, lipa kwanza au dirisha la kupakulia: mgahawa wako uendeshwe kwa mfumo upi?

Mteja akilalamika kwamba huduma ni mbovu, mwenye mgahawa humwita mhudumu na kumkaripia. Mara nyingi mhudumu hana kosa. Chakula kimechelewa kwa sababu oda ilipigiwa kelele dirishani na mpishi akaisahau. Chenji haikurudi kwa sababu keshia hana sarafu. Samaki amelipiwa kumbe ameisha, kwa kuwa asubuhi hakuna aliyehesabu vipande. Tabasamu haliponyi hata kimoja kati ya hivyo. Dawa iko kwenye mfumo: nani anachukua oda, inafikaje jikoni, na pesa inalipwa lini.

Kwenye migahawa ya chakula cha mchana, kuanzia Dar es Salaam na Arusha hadi Mombasa na Nairobi, mifumo inayotumika sana ni mitatu. Wa kwanza, mteja anakaa, mhudumu anakuja mezani, na bili inalipwa baada ya kula. Wa pili, mteja anaanzia kwa keshia, analipa, anapewa risiti au tokeni yenye namba, kisha anasubiri aitwe. Wa tatu, mteja anapanga foleni mbele ya sufuria na hotpoti, anaonyesha anachotaka, anapakuliwa, analipa mwisho wa foleni na kwenda kukaa. Kila mmoja una pale unapofaa na pale unapoleta aibu.

Anza na hesabu ya saa ya mchana

Tuchukue mgahawa wa meza 12, viti 48. Kishindo cha mchana ni kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, yaani dakika 90. Ndani ya dakika hizo ndipo biashara ya siku inapopatikana au kupotea.

Kwa huduma ya mezani, mteja wa kawaida hukaa kama dakika 45: dakika 5 hadi aonwe na kuagiza, 15 za kusubiri chakula, 18 za kula, na 7 za kusubiri bili na chenji. Kila kiti kinakaliwa mara mbili, basi unahudumia watu 96. Angalia hizo 5 za mwanzo na 7 za mwisho. Zote 12 hazina chakula ndani yake. Ukizibana zikawa 4, kwa mhudumu kufika mezani ndani ya dakika 2 na bili kuwa tayari mteja anapomaliza kula, muda unashuka hadi dakika 37 na watu wanapanda hadi kama 115. Hujaongeza kiti wala mpishi.

Kwa lipa kwanza, mteja anakaa kitini kama dakika 30. Kwa hesabu ya viti ungehudumia watu 144. Lakini wote wanapita kwa keshia mmoja. Anayelipa taslimu kamili huchukua nusu dakika. Anayehitaji chenji, sekunde 45. Anayelipa kwa simu, dakika nzima au na nusu. Wastani ukiwa dakika moja, keshia huyo anamaliza watu 90 tu kwa dakika 90. Hapo ndipo unapoona foleni imefika mlangoni huku ndani viti vitupu. Wengi wanaohama kutoka huduma ya mezani kwenda lipa kwanza hukutana na jambo hili wiki ya kwanza, wakadhani wateja hawaupendi mfumo. Kumbe keshia ni mmoja.

Dirisha la kupakulia lina kasi kuliko yote, lakini kwa sharti. Mpakuaji aliyezoea hutoa sahani moja kwa sekunde 30, sawa na sahani 180 kwa dakika 90. Ila keshia yuko mwisho wa foleni, na asipokuwa na kasi hiyo hiyo, foleni inasimama na watu wameshika sahani zinazopoa. Sharti lenyewe ni bei chache. Sahani zote zikiwa za bei mbili tu, tuseme shilingi 3,000 za Tanzania kwa maharage na 5,000 kwa nyama au samaki, keshia anaangalia sahani na kupokea pesa bila kujumlisha kitu. Ukiweka bei ya wali peke yake, mboga peke yake, kachumbari peke yake na ndizi peke yake, umeua kasi ya mfumo mzima.

| | Mezani | Lipa kwanza | Dirisha la kupakulia |
|---|---|---|---|
| Chakula kinachofaa | Samaki wa kuchoma, nyama choma, mchemsho | Chipsi, mayai, kuku, vitafunwa, juisi | Wali, pilau, ugali, maharage, mchicha |
| Watu wa huduma, viti 48 | Wahudumu 3, mbeba sahani 1, keshia 1 | Keshia 2, mtoa chakula 1, msafisha meza 1 | Wapakuaji 2, keshia 1, wasafisha meza 2 |
| Panapokwama | Oda kufika jikoni. Bili | Keshia. Simu ya malipo | Mteja anayesita mbele ya sufuria |
| Hasara ya kawaida | Mteja kuondoka bila kulipa | Kulipia kilichoisha | Vipimo visivyolingana |

Mezani: kila kitu kinategemea karatasi ya oda

Mhudumu mmoja anaweza kutunza meza nne, watu 16 hivi, kama anabeba chakula mwenyewe. Ukimpa mbeba sahani wa kumsaidia, anafika meza sita. Zaidi ya hapo anaanza kukwepa macho ya wateja, na mteja anaona dharau mahali ambapo pana mtu aliyezidiwa.

Nunua kitabu cha oda chenye kaboni, nakala mbili. Ya juu inakwenda jikoni, ya chini inabaki kaunta na ndiyo inayogeuka bili. Kwenye karatasi viandikwe vitu vitano: namba ya meza, saa, jina la mhudumu, chakula pamoja na idadi, na maelekezo kama "bila pilipili" au "chumvi kidogo". Jikoni pawe na waya au ubao wa kubana karatasi, mpya zikiingia upande mmoja na mpishi akianza na za upande mwingine. Bila hivyo mpishi hupika oda ya mhudumu mwenye sauti kubwa kwanza. Wateja wa mhudumu mpole wanasubiri nusu saa huku waliokuja baada yao wanakula, na hakuna kinachoudhi mteja kama kupitwa.

Ukishachukua oda, irudie kwa mteja. "Wali samaki mmoja, ugali nyama mbili, moja bila pilipili, maji makubwa ya baridi mawili." Sekunde kumi hizo zinaokoa sahani. Na mtajie muda wa kweli. Samaki wa kuchoma akihitaji dakika 25, sema 25. "Sasa hivi, bosi" ndiyo kauli inayoharibu huduma nyingi katika migahawa yetu, kwa sababu mteja angesubiri kwa amani kama angejua, au angechagua wali maharage akawahi kazini.

Huduma ya mezani ndiyo pekee inayompa mteja heshima ya kunawishwa, na ukiamua kunawisha, nawisha vizuri. Maji yawe ya uvuguvugu. Mhudumu asimame pembeni ya mteja, beseni mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, sabuni kwenye kisahani na taulo safi begani au karatasi za kufutia. Aanze na mgeni au mkubwa wa meza, amwage kidogo ili mikono ilowe, asubiri sabuni, kisha amwage taratibu hadi povu liishe. Anayemwaga yote kwa haraka na kuhamia kwa mwingine amemwachia mtu sabuni vidoleni, na mtu huyo anakula ugali. Baada ya samaki, kipande cha limau kwenye kisahani kinaondoa harufu kuliko sabuni ya unga.

Kuna desturi moja ya mfumo huu tunayoipinga waziwazi. Katika baa na migahawa mingi mhudumu hununua kaunta: analipia kinywaji au chakula kwa pesa aliyoanza nayo, kisha anaidai kwa mteja. Mteja akiondoka bila kulipa, hasara ni ya mhudumu. Mwenye biashara anaona amejilinda, lakini tazama mezani kinachotokea. Sahani haijatua, mhudumu ameshakunja uso na kunyoosha mkono, "naomba hela kabisa". Anakaa akiwalinda watu wawili na kuacha meza nyingine tatu. Mgeni wa heshima anadaiwa mbele ya wageni wake. Tena kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata tu mshahara kwa hasara: lazima pawe na makubaliano ya maandishi, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Kama wateja wanaoondoka bila kulipa ni wengi kiasi hicho, shida ni mlango usio na mtu au mfumo usiofaa eneo lako. Hamia lipa kwanza, usimbebeshe binti wa watu.

Lipa kwanza: chenji, simu na kadi za samaki

Mfumo huu unafaa kwenye stendi, karibu na vyuo, na popote ambapo mteja humjui na hutamwona tena. Pia unafaa chipsi mayai na kuku, vitu vinavyopikwa ndani ya dakika 10 hadi 15 baada ya kuagizwa.

Chenji ipangwe jana yake. Kwa mgahawa wa kiasi hiki, 50,000 inatosha kuanzia: sarafu 20 za 500, noti 20 za 1,000 na noti 10 za 2,000. Bei nazo zisaidie. Sahani ya 3,800 inadai chenji ya 200 kwa kila mteja, na saa saba keshia anaanza kusema "subiri kwanza", au anamwandikia mteja deni nyuma ya risiti. Weka 3,500 au 4,000. Kumpa mteja pipi badala ya chenji yake ni kumnyang'anya kwa adabu.

Malipo ya simu ndiyo yanayokwamisha zaidi, na sababu huwa moja: simu inayopokea ujumbe wa malipo iko kwa bosi. Mteja amelipa kwa Lipa Namba, keshia anampigia bosi, bosi hapokei, watu sita wanasubiri nyuma. Simu hiyo ikae kaunta, ikiwa na chaji, na iwe ya kupokea ujumbe tu bila uwezo wa kutoa pesa. Keshia asome ujumbe ulioingia kwenye simu ya mgahawa, si ule anaoonyeshwa na mteja, kwa sababu ujumbe wa kughushi ni rahisi kuutengeneza. Namba iandikwe kwa maandishi makubwa mahali ambapo mteja anaiona akiwa bado nyuma kwenye foleni, pamoja na jina litakalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Hivyo anafika kwa keshia ameshalipa. Kenya ni hivyo hivyo kwa namba ya tili.

Kosa baya kuliko yote hapa ni kulipisha kitu kilichoisha. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ikishatoka haifutwi kienyeji, mteja ameshalipa, na sasa anaambiwa achague kingine. Tiba yake ni nafuu sana. Asubuhi mpishi anahesabu: vipande 25 vya samaki, mapaja 30 ya kuku, sahani 40 za pilau. Keshia anapewa kadi 25, 30 na 40. Kila akiuza samaki anaambatanisha kadi moja na risiti inayokwenda jikoni. Kadi zikiisha, samaki ameisha, na hapo hapo keshia anamfuta kwenye ubao. Hakuna kuuliza jikoni, hakuna kubahatisha. Bila kadi, keshia na mpishi watalaumiana kila siku mbele ya wateja.

Tokeni zenye namba ni bora kuliko kuita majina. Namba 34 ni ya mtu mmoja, "chipsi mayai!" huinua watu wanne. Na anayetaka kufungiwa chakula aondoke awe na rangi yake ya tokeni, ili asije akawekewa sahani huku bodaboda inamsubiri nje.

Dirisha la kupakulia: joto na kipimo

Hapa mteja anaona chakula kabla ya kukilipia, na hilo peke yake linapunguza malalamiko mengi. Hawezi kusema hakujua samaki ni mdogo. Lakini anaona pia kila unachokosea. Aliyemtangulia akipewa vipande viwili vya nyama na yeye kimoja, hatarudi, wala hatakwambia kwa nini.

Kwa hiyo kipimo kiwe chombo, kisiwe jicho la mpakuaji. Wali kwa bakuli moja linalojazwa na kusawazishwa, mchuzi kwa upawa mmoja, nyama kwa kuhesabu vipande, maharage kwa upawa. Mteja akiomba aongezewe kidogo, weka jibu moja kwa wapakuaji wote: ama mchuzi na mboga huongezwa bure mara moja, ama nyongeza ina bei yake kwenye ubao. Mpakuaji anayewaongezea anaowajua amekuchongea kwa asiowajua.

Joto ni suala la afya kabla halijawa la ladha. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 hadi kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Hotpoti inayofunguliwa kila nusu dakika haiwezi kutunza joto hilo kwa kishindo chote cha mchana. Weka sufuria za kupakulia juu ya maji ya moto, jaza kidogo kidogo kutoka jikoni, na usimwagie chakula kipya juu ya kilichobaki. Maliza, badilisha sufuria. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi. Anayepokea pesa asiguse chakula, hata siku ambayo mpakuaji hayupo.

Foleni hukwama kwa mteja anayefika mbele ndipo aanze kuuliza "leo kuna nini?" Ubao wa vyakula na bei uwe mita tatu au nne kabla ya sufuria, usiwe juu ya kichwa cha mpakuaji. Na maji ya kunawa yawe kabla ya foleni, yenye sabuni. Bomba likiwa nyuma ya meza za ndani, watu wataweka sahani, wataenda kunawa, watarudi na kukuta kiti kimekaliwa.

Ofisi za jirani zikiwa ndizo wateja wako, uza kuponi za wiki. Sahani tano zikilipwa Jumatatu, mtu huyo hagusi pesa kwa keshia hadi Ijumaa, na wewe unajua mapema upike kiasi gani.

Chakula kikirudishwa

Mfumo wowote utakaochagua, sahani itarudishwa siku moja. Nywele, wali wenye mchanga, samaki mbichi ndani. Utaratibu ni huu: omba radhi mara moja bila kujitetea, ondoa sahani mezani hapo hapo ili mteja asiendelee kuitazama, sema kitakachofanyika na kitachukua dakika ngapi, kisha oda mpya iingie jikoni mbele ya foleni, si nyuma. Mhudumu awe na ruhusa ya kubadilisha sahani bila kumtafuta meneja. Mwekee ukomo, mathalani sahani moja hadi 8,000, na aiandike kwenye daftari la kaunta: saa, chakula, tatizo. Jina la mpishi si lazima. Mwisho wa wiki daftari hilo litakuonyesha kama tatizo ni gunia la mchele au ni jiko.

Kwenye lipa kwanza, badilisha chakula kabla ya kufikiria kurudisha pesa, maana risiti imeshatoka. Mteja aking'ang'ania pesa yake, mpe, na hifadhi risiti pamoja na maelezo kwa mhasibu. Kubishana kwa sahani ya 4,000 mbele ya foleni ya watu ishirini kunagharimu zaidi.

Na dukani?

Hesabu ni ile ile. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na jumla, Kariakoo kwa mfano, humpitisha mteja sehemu tatu: anachagua kwa muuzaji, analipa kwa keshia, anachukua mzigo kwa kuonyesha risiti. Inalinda mzigo, na inafaa bidhaa za bei kubwa. Kwa mtu anayetaka misumari nusu kilo na gundi ni mateso. Duka la namna hiyo liwe na kaunta moja ndogo ya vitu vidogo, inayouza na kupokea pesa papo hapo. Duka la kujichagulia lina tatizo moja kubwa, nalo ni bei ya rafuni kutofautiana na ya kwenye mashine ya keshia. Ikitokea, mteja alipe ile ndogo, na mtu atumwe rafuni saa hiyo hiyo kubadilisha kibandiko.

Uchague upi?

Una vyakula visivyozidi sita, vilivyopikwa kabla ya saa sita, na wateja wako wana saa moja ya mapumziko: chukua dirisha la kupakulia, bei mbili au tatu. Unapika kwa oda vitu vya haraka, na wateja ni wapita njia: lipa kwanza, lakini uwe na keshia wawili mchana, mmoja wa taslimu na mmoja wa simu. Unauza jioni, familia, wageni, nyama ya kusubiri dakika 40: mezani, na usibane mshahara wa mhudumu, maana ndiye mgahawa wenyewe kwa macho ya mteja.

Kuchanganya kunawezekana, na migahawa mingi inafanya vizuri hivyo: dirisha mchana, mezani kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kisichowezekana ni kuchanganya kwa wakati mmoja bila mpaka. Nusu ya meza wakihudumiwa na nusu wakipanga foleni, waliokaa wataona waliosimama wanakula mapema. Ukitaka yote mawili mchana, tenga eneo, weka bango mlangoni, na mtu mmoja wa kuwapokea watu na kuwaelekeza kabla hawajakaa.

Kabla hujabadilisha chochote, pima unachofanya sasa kwa siku tatu za kazi. Mtu mmoja asimame na daftari, aandike kwa wateja kumi kila siku saa walipoingia, saa walipoagiza, saa chakula kilipotua na saa walipotoka. Pengo refu kuliko yote kati ya saa hizo nne ndilo la kushughulikia kwanza, na huenda likazibwa kwa kitabu cha kaboni au simu ya kaunta bila kubadilisha mfumo.